Damu ya Mstari wa Kwanza

Katika maabara ile ya vinasaba, jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye faili la ofisi tu. Wote walimwita Bi Herufi, na jina hilo hakupewa bure. Wapo wanaosifiwa kwa sauti, wapo wanaosifiwa kwa mapishi; yeye alisifiwa kwa macho. Ulimpa filamu ya eksirei yenye safu nne za vijistari vyeusi, vyembamba kama uzi, naye aliibandika kwenye kisanduku cha taa akaanza kutaja kutoka chini kwenda juu: A, A, T, G, C, T, T. Hababaiki wala hakohoi. Pembeni yake aliketi Bwana Kalamu, mwandishi wake wa miaka yote, akiandika mpaka vidole vinakakamaa. Wakimaliza waligeuza: Bwana Kalamu anasoma alichoandika, yeye anafuata filamu kwa ncha ya penseli. Wakikuta kosa moja, siku hiyo Bi Herufi hamalizi chakula chake na hasemi na mtu.

Vijana wa sasa wakisimuliwa hayo wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wao wana mashine ya ukubwa wa kiganja, unaitonea tone tu, herufi zinamiminika kwenye kompyuta kwa mamilioni. Nami nasema wacheke, lakini wacheke kwa adabu, maana njia wanayopita leo kwa gari kuna watu waliifyeka kwa panga. Bi Herufi ni mmoja wao. Na katika wote waliopita kwenye korido ile kwa miaka thelathini na mitano, hakuna aliyewasoma watu wengi kama yeye, na hakuna aliyeogopa kujisoma kama yeye.

Aliingia akiwa na miaka ishirini na miwili, kuosha chupa. Zilikuwa chupa za nzi, wale nzi wadogo wanaozengea ndizi zilizoiva, waliofugwa pale kwa maelfu ili wazaane na kuhesabiwa: wenye macho mekundu huku, wenye macho meupe kule. Mkuu wa maabara wakati huo alikuwa mama mmoja mrefu, miwani ya kusomea machoni na ya kutazamia mbali kichwani, na hakumruhusu mtu kuosha hata chupa moja bila kujua kwa nini anaiosha. Siku ya kwanza alimkalisha mgeni wake kwenye stuli akampa historia yote kwa pumzi moja.

"Kulikuwa na mtawa," alisema, "alipanda njegere kwenye bustani ya watawa wenzake. Ndefu kwa fupi, njano kwa kijani. Akahesabu miaka minane. Akaona kwamba mtoto hakorogwi kama uji. Anapewa vipande, kimoja cha mama, kimoja cha baba, na kipande kinaweza kujificha wala kisife. Unajua dunia ilimfanya nini?"

"Ilimpa zawadi?"

"Ilimpuuza mpaka akafa. Ndiyo wakaja watu wa nzi, wakaonyesha kwamba vipande vile vimepangwa kwenye nyuzi ndani ya mwili. Halafu ikajulikana nyuzi zenyewe ni ngazi iliyosokotwa, na maandishi yake yote ni herufi nne. Nne tu! Na unajua mtu ana nyuzi ngapi? Arobaini na sita. Lakini kwa miaka zaidi ya thelathini wasomi wa dunia nzima waliapa ni arobaini na nane. Kwa nini? Kila aliyehesabu alikuwa ameshaambiwa jibu." Akamnyooshea kidole. "Wewe ukihesabu hapa, hesabu unachokiona."

Bi Herufi alihesabu alichokiona. Baada ya miaka mitatu alitolewa kwenye chupa akapelekwa kwenye filamu, na hapo ndipo damu yake ilipoingia kazini.

Kulikuwa na desturi pale, na sidhani kama mtu wa nje angeielewa. Kila kipimo kilipopangwa, mstari wa kwanza uliwekwa sampuli ya mtu mzima anayejulikana, asiye na tatizo. Mstari wa kwanza ukitoka vizuri, unaamini mingine. Ukitoka vibaya, unajua umeharibu wewe mwenyewe, unaanza upya. Wafanyakazi walitoa damu zao kwa kazi hiyo, na damu ya Bi Herufi ilitokea kuwa nzuri kuliko zote. Haikufifia wala kuacha doa. Mkuu alisema, "Huyu damu yake ina heshima." Basi kwa miaka kumi na moja, kila filamu iliyotoka kwenye chumba cha giza, mstari wa kwanza alikuwa yeye. Wenzake walimtania kwamba siku akifa hawatamzika, watamweka kwenye jokofu. Alicheka nao. Alikuwa na mume, mkaguzi wa mabasi, na binti wa darasa la kwanza, na alidhani maisha yake anayajua.

Mambo yaligeuka siku ya kikao cha chai. Mkuu aliingia na karatasi mkononi, uso unang'aa. Alisema kuna ugonjwa wa kurithi ambao kwa miaka kumi watafiti walijua mtaa unakokaa lakini nyumba hawaioni; sasa nyumba imepatikana. Neno la herufi tatu, C-A-G, linarudiwa. Watu wengi wanalo mara kumi na tano, mara ishirini hivi. Likifika mara arobaini, mtu ataugua, akiishi vya kutosha.

"Ni ugonjwa gani?" Bwana Kalamu aliuliza.

"Unaanza ukubwani. Mikono inacheza yenyewe, mwendo unayumba, maneno yanapotea. Hasira zinakuja bila sababu. Majirani wanadhani ni mlevi. Mzazi akiwa nao, kila mtoto wake amerushiwa sarafu: ama anao, ama hana. Ambaye hana, hampi mtu."

Bi Herufi alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini taratibu, kwa sababu alikuwa amemwona mama yake.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Akiwa na miaka arobaini na kitu mshono ulianza kupinda. Vyombo vikamtoka mkononi. Alitembea barabarani akiyumba, na wanawake wenzake wakaziba pua kabla hata hawajanusa kitu. Hakuwahi kuonja pombe maishani. Bi Herufi na kaka yake walimzika wakiamini walichoambiwa, kwamba mama alikuwa na siri yake ya chupa, na aibu hiyo waliifungia ndani. Sasa aibu ilikuwa imepata jina jingine, na jina hilo lilikuwa na hesabu. Nusu kwa nusu yeye. Nusu kwa nusu kaka yake. Na binti yake, aliyekuwa nyumbani wakati ule akijifunza kuandika herufi zake za kwanza, alikuwa nyuma ya mgongo wake akisubiri sarafu iliyomwangukia mama.

Angesema palepale ingekuwaje? Nimejiuliza sana. Mkuu asingemfukuza. Lakini Bi Herufi aliishi kwa macho na mikono, na alijua kuanzia siku hiyo kila mtu angemtazama mikono. Akikosa kushika kichupa, kungetokea kimya. Akikasirika, kungetokea kimya. Alinyamaza, na wahenga walishasema, mficha maradhi kifo kitamuumbua.

Mwezi uliofuata familia zilianza kuletwa kupimwa. Mkuu akagawa kazi. "Mstari wa kwanza, damu ile ile ya siku zote," alisema. "Bi Herufi, utasoma. Bwana Kalamu, utaandika."

Mnaona alivyobanwa? Akikataa damu yake isitumike, ataulizwa kwa nini. Akikubali, kesho asubuhi atasimama mbele ya taa na kujisomea hukumu kwa sauti, kumi na tano au arobaini na tano, Bwana Kalamu akiandika. Mlango wa tatu hakuuona. Alizunguka chumba cha majokofu akisoma lebo, mpaka macho yakaangukia kichupa cha mlinzi wa getini, bwana mmoja mcheshi mwenye kifua kama pipa, aliyekuwa ametoa damu siku wanafunzi walipofundishwa kuchoma sindano. Familia yake ilikuwa ya watu waliozeeka mpaka wakachoka wenyewe. Bi Herufi alibandua lebo, akabandika yake. Kichupa chake mwenyewe alikifungua juu ya sinki, akamwaga, akafungulia maji, na akayaacha yaende muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Filamu ilipotoka, alisoma bila sauti kutetemeka. Mstari wa kwanza: kumi na tano kwenye kipande cha mzazi mmoja, ishirini na mbili kwenye cha mwingine. "Safi kabisa," alisema Mkuu. Mstari wa nne alikuwa mtu asiyemjua, na alikuwa na arobaini na nne. Alilitaja hilo pia, na Bwana Kalamu akaliandika.

Kwa miaka ishirini na moja mlinzi wa getini alikuwa kipimo cha afya bila yeye kujua, hata baada ya kustaafu na kwenda kufuga kuku, maana kila kipimo kilihitaji chembe tu ya damu yake iliyogandishwa. Hakuna mgonjwa aliyedhurika kwa hilo. Mlinzi alikuwa mzima, na mstari wake ulikuwa wa kweli. Aliyedhurika alikuwa mmoja tu. Kila asubuhi kabla ya chai Bi Herufi alisimama dirishani akatunga uzi kwenye sindano nyembamba, sindano ya mama yake. Uzi ukipita mara moja, alipata siku moja. Ukikataa mara ya kwanza, siku hiyo yote aliitembea kama mtu anayefuatwa. Mumewe alitaka mtoto wa pili, wa tatu. Yeye alikataa, na sababu hakutoa. Mume alivumilia miaka minne, kisha akaondoka bila ugomvi, akaoa kwingine, akazaa watoto watatu. Hata siku anabeba masanduku yake, Bi Herufi alikuwa amesimama pale mlangoni na maneno mdomoni, na hakuyatoa.

Huko nje dunia ilikimbia. Ilikuja mashine ya kunakili, kipande kimoja cha ngazi kikawa mamilioni kwa mchana mmoja. Ikaja mashine ya kusoma kwa rangi, filamu zikawa kazi ya makumbusho na chumba cha giza kikawa stoo ya mafagio. Ikatangazwa kwamba kitabu chote cha mwanadamu kimesomwa, herufi bilioni tatu. Wakapiga makofi kwenye korido na kukata keki. Bi Herufi alikula kipande chake. Kitabu cha watu wote kilikuwa kimesomwa, na ukurasa wake mmoja aliokuwa ameukalia hakuna aliyeuona.

Halafu kaka yake akaanza.

Alikuwa fundi saa, na msiniulize kwa nini ugonjwa ulichagua mikono ile. Kwanza aliangusha skrubu. Kisha akapoteza wateja. Mkewe alikwenda kusalimia kwao na salamu hazikuisha. Hawakuwa na watoto. Bi Herufi alimchukua akampa chumba cha nyuma, na tangu hapo alikuwa akimlisha kwa kijiko mtu ambaye huenda ndiye atakuwa yeye. Kaka mwenyewe hakupoteza utani. "Mdogo wangu," alisema mikono ikirukaruka juu ya blanketi, "mikono yangu imejiajiri. Haichukui tena amri kwa mtu." Wakacheka wote wawili, na Bi Herufi akaenda jikoni kulia.

Binti yake alikua katikati ya hayo. Alikuwa mchora ramani kwenye ofisi ya upimaji wa ardhi, msichana mkimya, mwenye mkono uliotulia kiasi kwamba mistari yake ilidhaniwa imechapwa. Kuhusu bibi na mjomba hakuuliza kitu. Mama alishukuru kwa ukimya huo. Alidhani ni ujinga wa mtoto, na usilolijua ni kama usiku wa giza. Basi alale, alisema moyoni, nitamlindia usingizi wake.

Jumapili moja mchana, binti akiwa na miaka ishirini na saba, walikuwa wakikunja nguo. Binti akasema bila kuinua macho, "Mama, nimejiandikisha pale kwenu. Jumatano natoa damu."

"Damu ya nini?"

"Unajua ya nini."

Bi Herufi alikaa kitandani juu ya nguo zilizokunjwa. "Nani kakuambia?"

"Mama, tuache hayo. Naomba tu usiwe zamu siku hiyo."

"Hujui unachofanya. Nimewasoma hao watu miaka yote. Wakishajua hawawezi kurudi kutojua. Subiri. Una haraka gani? Wewe bado mtoto."

"Mimi sasa ni mtu mzima, Mama. Nataka kujua naishi vipi."

"Na mimi je?" Sauti ilimtoka kwa ukali hata yeye akashtuka. "Umeshafikiria? Ukiwa nao, umeupata wapi? Kwa baba yako? Jibu lako ni jibu langu! Mimi sijaomba kuambiwa!"

Binti aliinua macho. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma. "Mshauri nasaha alinieleza hivyo hivyo. Akaniambia afadhali aanze mzazi. Mzazi akiwa hana, mtoto hana haja ya kupimwa kabisa. Nikamwambia, mama yangu hatakubali." Akachukua rundo lake la nguo. "Kwa hiyo nitakwenda mimi. Nikipata jibu sitakuambia. Nitajitahidi uso wangu usikuambie."

Alitoka. Bi Herufi alibaki akiutazama ukuta. Uso usiniambie! Miaka yote alikuwa akiuchunga uso wake mbele ya mtoto, na sasa mtoto anajitolea kuubeba mzigo ule ule kwa ajili yake.

Kutoka chumba cha nyuma kaka yake alimwita. Maneno yake siku hizo yalitoka kwa shida, moja moja, na ilibidi umsubiri.

"Nimesikia," alisema. "Mimi... hakuna aliyenipa nafasi ya kujua. Mikono ndiyo iliniambia. Wewe nafasi unayo, ipo kazini kwako." Akapumzika. "Mtoto anataka kutoka, mdogo wangu. Wewe umekaa mlangoni."

"Naogopa, kaka."

"Ogopa. Lakini ondoka mlangoni."

Jumatatu asubuhi Bi Herufi aliingia korido ile ile, lakini hakukata kulia kwenda kwenye meza yake. Alikata kushoto, upande wa wagonjwa, akaketi kwenye benchi. Katika miaka thelathini na mitano hakuwahi kulikalia. Lilikuwa fupi, na ukutani nyuma yake rangi ilikuwa imelika mahali vichwa vya watu vilipoegemea. Mshauri nasaha, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alimfungulia mlango akasema, "Bi Herufi, umepotea njia?" Kisha akamtazama vizuri, akasogeza kiti.

Binti alikubali kusubiri. Kulikuwa na mazungumzo, fomu, mazungumzo tena, damu mara mbili. Wiki tano. Bi Herufi aliomba likizo akakaa nyumbani, akafua hata mapazia safi. Binti alikuwa akirudi kutoka kazini anasalimia, anamlisha mjomba, anaingia kwake. Walipishana ndani ya nyumba kwa adabu za wapangaji.

Siku ya majibu alifika mapema mno. Kupitia kioo cha mlango wa maabara alimwona Bwana Kalamu, mvi kichwa kizima, akibaki na miezi michache naye astaafu. Alikuwa ameshika karatasi mbili, anatazama moja, anatazama nyingine. Uso wake ulikuwa umeanguka. Alipoinua macho na kukutana na ya Bi Herufi, aliyashusha haraka.

Ndiyo, alijiambia. Nimekwisha. Cha ajabu hakuwaza juu yake. Aliona ule mkono wa binti uliotulia, na kalamu ya wino juu ya ramani.

Bwana Kalamu alitoka, akamshika kiwiko, akamwingiza kwenye stoo ya mafagio, kilichokuwa chumba chao cha giza. Akafunga mlango.

"Niambie," alisema Bi Herufi. "Ni ngapi?"

"Sina ruhusa kukuambia ngapi, na wewe unajua. Nataka kukuuliza kitu." Akainua zile karatasi mbili. "Tumepima damu yako, na mstari wa kwanza tumeweka ule wa siku zote. Zingetakiwa zifanane kama mtu na kioo. Hazifanani hata kidogo. Bi Herufi, nani yuko kwenye mstari wa kwanza?"

Bi Herufi alishika mpini wa fagio. Kisha akasema, "Mlinzi wa getini."

"Mlinzi wa—yule wa kuku?"

"Yule."

Bwana Kalamu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mabega yakaanza kumtikisika, na ilimchukua Bi Herufi muda kugundua kwamba anacheka, na muda mwingine kugundua kwamba kicheko kimekwisha. "Miaka ishirini," alisema. "Nimekaa kiwiko kwa kiwiko na wewe miaka yote hiyo. Ungeniambia. Ningesoma mimi, ungeziba masikio. Ningekwenda na siri hiyo kaburini." Akajifuta macho kwa kiganja. "Itabidi niandike ripoti. Nenda kwa mshauri. Nenda sasa hivi."

Mshauri nasaha hakumzungusha. "Kumi na saba na kumi na tisa," alisema. "Huna, Bi Herufi. Hukuwahi kuwa nao. Na binti yako hana."

Aliomba karatasi. Alisoma mwenyewe mchoro wa mashine, kilele kimoja, kilele cha pili, akahesabu kwa ukucha kama alivyohesabu maelfu ya watu. Kumi na saba. Kumi na tisa. Alihesabu tena kutoka mwisho. Alitaka kushukuru, na mdomo ulikataa, kwa sababu mbele ya macho yake alikuwa anaona sinki na maji yakienda. Angeacha kichupa chake mahali pake asubuhi ile, angesoma mstari wa kwanza, na saa tatu kamili angekuwa huru. Angerudi nyumbani mchana akamkuta mume wake.

Alitembea kwa miguu mpaka nyumbani. Njia nzima alijisukuma kwenye furaha, akisema mtoto, mtoto, mtoto amepona, na alipofika mlangoni alikuwa ameipata karibu yote. Binti alikuwa mezani na ramani yake. Redio iliimba chumba cha nyuma.

"Kumi na saba na kumi na tisa," alisema Bi Herufi, bado kiatu kimoja mguuni. "Sina, mwanangu. Na wewe huna. Hata usiende. Umesikia? Huna!"

Binti aliweka kalamu chini. Alifunika uso, akapumua ndani ya viganja mara tatu, nne. Mama alimfuata kumkumbatia, naye alikumbatika, joto lake lote likiwa pale, machozi yake yakimlowesha mama shingo. Kisha akajitoa kidogo.

"Mama. Kipimo hiki kimeanza lini pale kwenu?"

Angeweza kudanganya. Mashine zilikuwa nyingi, miaka ilikuwa mingi, na mtoto hakuwa mtu wa maabara. Lakini alikuwa amechoka. "Ulikuwa darasa la kwanza," alisema.

"Darasa la kwanza."

"Ndiyo."

"Na ilikuwa inachukua muda gani?"

"Kuweka leo, kusoma kesho asubuhi."

Binti aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza maelekezo ya njia. "Mimi nilijua nikiwa na miaka kumi na sita," alisema. "Nilimpeleka mjomba hospitali wewe ukiwa kazini. Daktari akamuuliza nani mwingine nyumbani aliugua hivi, mjomba akamtaja bibi. Nikaenda kusoma. Tangu siku hiyo kila kikombe nilichoangusha nimekiandika, na tarehe. Viko thelathini na moja."

"Mwanangu, kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa hutaki kujua. Niliona." Alitazama mikono yake iliyolala mezani. "Kuna mtu alinisubiri miaka mitatu. Mtu mzuri, Mama. Alitaka tuje kwako. Nilimwambia simpendi, ili aondoke asiulize zaidi. Ameoa mwezi wa pili."

Bi Herufi alivua kiatu kile kilichobaki mguuni.

"Nilimwambia simpendi," binti alirudia, kwa sauti ndogo, "na nilikuwa nampenda."

Kule chumba cha nyuma kaka yake alikuwa amesikia yote. Alinyoosha mkono kuizima redio, na alifanikiwa mara ya tatu.